Barua kwa Ami kutoka Tunis

Ami yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Mimi huku mzima, alhamdulillah, ila baridi. Nimefurahi kusikia karafuu zimewahi kukauka kabla ya mvua, na kwamba Bibi kikohozi kimemwachia.

Siku ile kwenye simu uliniuliza tunasomeshwa nini huku kuhusu tarikhi yetu Waislamu, nami nikakujibu mbio mbio kwa sababu salio lilikuwa linakatika. Jibu lile halikuniridhisha mwenyewe, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kila asubuhi nikienda darasani napita mbele ya sanamu ya Ibn Khaldun, mwanahistoria. Imesimama katikati ya mji, upande mmoja kanisa kuu, upande wa pili ubalozi wa Ufaransa. Kazaliwa hapa hapa Tunis mwaka 1332. Mukaddima yake, yaani kitabu chake cha utangulizi wa tarikhi, tumeisoma muhula mzima, na mwanzoni tu mwa kitabu anawakabili wanahistoria wenziwe: wanapokea habari, wanaiandika, hawaipimi. Anamtoa Al-Mas'udi, mwanahistoria msafiri aliyemtangulia, kuwa mfano. Huyo alipokea kwamba Nabii Musa alihesabu jeshi lake akapata watu 600,000 au zaidi. Ibn Khaldun anauliza, jeshi kama hilo lingepigana vipi, na huyu wa safu hii hajui yaliyoko safu ile? Na tangu Nabii Yaakub hadi Musa ni vizazi vinne tu. Wamezaana lini hata wakafika idadi hiyo?

Nilikikumbuka chuo chako, Ami. Ni wewe uliyetuzoesha, tukiwa bado tunakaa mkekani, kuuliza hadithi imepokewa kwa nani. At-Tabari, mwanahistoria aliyefariki mwaka 923, tarikhi yake aliiandika kwa njia hiyo hiyo: kanihadithia fulani, naye kapokea kwa fulani. Habari mbili zikigongana, huziweka zote mbili. Na katika dibaji anasema kwamba msomaji akikuta humo habari ya kumchukiza, ajue haikuanzia kwake, yeye kaifikisha kama ilivyomfikia. Wenzangu darasani wapo wanaoona ni udhaifu. Mimi naona ni amana. Angechagua moja akatupa nyingine, leo tungepima nini?

Lakini kuna pahala pameniuma, na sitaki kukuficha. Ibn Khaldun anakataa kisa cha kwamba weusi wa ngozi ni laana ya Hamu, mwana wa Nabii Nuhu. Anasema ni kazi ya jua na hewa, na hapo nilimshukuru. Halafu anageuka na kuandika kwamba watu weusi ni wapumbavu na wapenda ngoma, na wanaoishi kusini zaidi wako karibu na wanyama kuliko watu. Yeye, aliyeipima hesabu ya jeshi la Musa, habari zetu kazipokea hivi hivi. Pwani yetu hakuwahi kuikanyaga. Nilifunga kitabu, siku mbili sikukigusa.

Aliyefika ni Al-Mas'udi, yule yule aliyekosolewa. Safari yake ya mwisho kutoka kisiwa cha Qanbalu kwenda Oman ilikuwa mwaka 304 Hijria, na anaeleza kwamba Waislamu wa kisiwa hicho walisema lugha ya Zanji, yaani ya watu weusi wa pwani hii. Wataalamu wengi wanaamini Qanbalu ilikuwa Pemba yetu, pale Ras Mkumbuu ulipotupeleka tukiwa wadogo kuona magofu ya msikiti. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, Ami, Waislamu wanazungumza lugha ya nchi!

Sasa nije kwenye shajara ya ukoo wetu iliyo ukumbini kwako. Nimeitazama tangu sijajua kusoma: majina 22 mpaka Shirazi ya Uajemi, wanaume watupu. Mwaka 2023 wataalamu walitoa uchunguzi wa mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, yakiwemo ya Mtwapa na Manda. Walikuta upande wa baba wengi Waajemi kweli, wameanza kuchanganyika na wenyeji kiasi cha mwaka 1000. Upande wa mama, karibu wote Waafrika. Kwa hiyo shajara yako haikusema uongo, wala usikubali mtu akuambie uitundue. Ila imeandika nusu ya watu.

Ninalokuomba ni hili. Chukua daftari ukae na Bibi, umwulize mama yake nani, na mama wa mama yake, alitoka kijiji gani, alikuwa akilima nini, alisema lugha gani. Andika na sanadi yake: Bibi kasema, kasikia kwa fulani, mwaka fulani. Akisema hajui, andika hajui. Akikupa visa viwili visivyopatana, viandike vyote, usimchagulie.

Anza na mama yake mzazi. Mimi hata jina lake silijui.

Mwanao,
wa Tunis