KIKAO JUMAMOSI, kabla mbunge hajaenda Dodoma

Habari za jioni wapendwa, poleni na shifti. Kikao ni Jumamosi hii saa 9 alasiri hapahapa Moshi, ukumbi wetu ule karibu na Mnara wa Saa, tuwahi jamani maana Bunge la bajeti likianza mwezi wa 4 kumpata mbunge ni mpaka mwezi wa 6 huko.

Hoja ya kumpelekea mbunge ni moja tu, nesi aliyesoma masta akabobea, sheria imtambue, apime, atibu na aandike dawa kwa kiwango alichosomea. Sheria yetu ya Uuguzi na Ukunga ni ya 2010. Marekani zaidi ya nusu ya majimbo yanaruhusu hivyo bila daktari kumsimamia. Huku zahanati za milimani usiku unakuta nesi yuko peke yake, mama kaletwa hali mbaya, atafanyaje? Hili linaniuma sana.

1. Mchango 5,000 kwa mhazini, mwisho Alhamisi (kuchapa barua na nauli ya wawakilishi)
2. Njoo na mfano mmoja wa kweli wa kazini kwako, majina ya wagonjwa tusitaje kabisa

Naomba kila mtu ajibu leo kabla ya saa 4 usiku, andika NAKUJA au SIJI. Asanteni sana.