Malalamiko kuhusu huduma ya ukaguzi wa mitufaha

Karen, Nairobi
14 Julai 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: RIPOTI ZA WADUDU ZISIZO ZA KWELI

Nina mitufaha 48, mingi ya aina ya Anna na michache ya Dorsett Golden kwa uchavushaji. Mwezi wa Machi niliwalipa kwa M-Pesa shilingi 18,000 za miezi sita ili mkaguzi wenu afike kila Jumanne, akague miti na mitego, kisha anitumie ripoti.

Ripoti zinafika, sikatai. Kila Jumanne jioni simu hulia: "Miti 48 imekaguliwa. Wadudu: hakuna." Juzi Jumamosi nikiwa napogoa, niliona kitu cheupe kwenye kovu la tawi, kama pamba iliyonasa. Nilikibonyeza, kidole kikawa chekundu. Vidukari wa sufu, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mti! Nikafukua shinani, nikakuta mizizi imejaa vinundu wanavyosababisha. Vinundu hivyo si vya wiki moja. Miti 11 iko hivyo.

Nikaenda kwenye mitego. Kadi ya gundi niliyoiandika tarehe kwa kalamu siku tulipoitundika, 18 Machi, ni ileile. Imejaa vumbi, haishiki hata sisimizi. Isitoshe, mitego yenyewe ni ya inzi wa matunda, na chambo chake huvuta madume tu. Kidukari hana haja nacho. Huyo hutafutwa kwa macho, kwenye nyufa za gome, makovu ya kupogolea na mizizini. Mkaguzi wenu ndiye aliyenifundisha hayo, siku ya kwanza.

Halafu kuna kitabu cha mlinzi. Getini kwetu kila anayeingia huandikwa, hata muuza maziwa haponi. Jina la mkaguzi lipo mara nne, la mwisho likiwa 8 Aprili. Ripoti 13 zilizofuata ziliandikiwa wapi?

Nataka mnirudishie pesa za ziara hizo 13. Nataka pia mtu anayejua kazi afike Jumanne, 22 Julai, tukague mti mmoja mmoja pamoja, na aje na kadi mpya. Tafadhali msimtangulize muuza dawa. Sipulizi chochote kabla ya kujua tatizo limefika wapi.

Nimeambatisha picha za kadi, mizizi na kurasa za kitabu cha getini.

Wenu,
Mteja, Karen