Mwambie fundi asubiri

Nairobi

Baba Zawadi,

Salamu kwako, kwa mama na watoto.

Nimeona namba uliyonitumia, kimo cha ploti yako ya Embakasi kama simu inavyosema. Tafadhali, fundi asichimbe mtaro wa majitaka kwa namba hiyo. Kimo cha simu hukosea kwa mita kadhaa. Tena setilaiti zinazoipa simu namba hiyo hazipimi kutoka usawa wa bahari. Zinapima kutoka umbo la dunia la kihesabu, ambalo hapa Nairobi liko zaidi ya mita 10 juu ya usawa huo. Kuna simu zinazosahihisha, nyingine hazisahihishi.

Bomba lako likishuka 1 kwa 60, yaani mita moja kila mita 60, katika mita 30 za kutoka choo chako hadi barabarani ni nusu mita tu, kidogo kuliko makosa ya simu. Na Embakasi ni tambarare, macho hayatakwambia maji yataelekea wapi.

Tafuta serveya (mpima ardhi) mwenye leveli, ile mashine ya darubini inayotazama usawa ulionyooka. Asimamishe mashine katikati ya manholi ya barabarani, shimo la majitaka ambamo bomba lako litaingia, na choo chako, umbali sawa pande zote, ili kama mashine imeinama kidogo, makosa yafutane. Tuseme stafu, ile fimbo ndefu yenye namba za vipimo, ikiwa kwenye sakafu ya manholi anasoma mita 2.860, na kwenye ardhi pale chooni 1.610. Ardhi yako basi iko mita 1.25 juu ya sakafu ile. Ondoa ile nusu mita ya mteremko, unabaki na sentimita 75: hicho ndicho kina ambacho bomba lisizidi pale linapoanzia. Likizikwa chini zaidi, mteremko unapungua na uchafu unaganda njiani.

Mwangalie anayeshika stafu. Aiyumbishe polepole mbele na nyuma, na serveya achukue namba ndogo kuliko zote, kwa maana hapo ndipo imesimama wima. Wakimaliza, warudi kupima hadi walipoanzia, waone kama namba zinakubaliana. Serveya anayefunga mashine bila kurudi, mimi simwamini hata awe na vyeti vingapi.

Jambo lingine: wasitegemee kigingi kilichochomekwa kwenye ule udongo mweusi. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka, na kigingi kinasogea nao. Waweke alama kwenye msingi wa jengo imara.

Jumamosi nina nafasi, naweza kuja kushika stafu mwenyewe. Nipigie kabla hujamlipa fundi.

Rafiki yako