Barua kwa dada Tatu: nihame Clarkston au nibaki?

Clarkston, Georgia
Jumamosi usiku

Mpenzi dada yangu Tatu,

Pokea salamu nyingi kama mchanga wa ziwani, wewe na shemeji na watoto na mama mkubwa. Huku hatujambo. Riziki amenipita urefu, Amani ameng'oka meno mawili ya mbele, Baba Riziki mgongo unamsumbua lakini anakwenda kazini.

Najua umeninunia, na una haki. Wiki ya msiba wa Mzee Bahati ulinitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba nzima, mimi nikakujibu mstari mmoja. Nisamehe, dada. Siku zile nilikuwa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kuku, nikiingia ndani watoto wanatoka, tunapishana mlangoni. Leo nimekaa chini. Naandika kwa mkono kwenye daftari la Riziki, nitapiga picha kurasa nikutumie WhatsApp, kwa sababu kwenye simu utanikatiza kabla sijafika kwenye penyewe. Nakujua.

Penyewe ni hapa: tumepata nyumba. Benki imekubali kutukopesha. Iko Snellville, mashariki zaidi, kama nusu saa kwa gari kukiwa hakuna foleni. Vyumba vinne, ua wa nyuma wenye miti, gereji. Dalali anataka jibu Ijumaa ijayo. Baba Riziki ameshachagua rangi ya ukuta, watoto wameshagawana vyumba. Mimi peke yangu ndiye nimekwama, na sababu yenyewe nikimweleza mume wangu ananiangalia kama mtu mwenye homa. Kwa hiyo nakueleza wewe.

Mwaka 2014 tulipofika uliniuliza mji huu ukoje, nikakujibu, "Ni mji tu, una baridi." Nilikuwa sijui kitu. Kwa macho yangu ulikuwa maegesho ya magari, magorofa ya matofali ya kupangisha, na treni. Sasa nimekaa miaka mingi kuliko mahali popote tangu tukimbie Kongo tuvuke Ziwa Tanganyika mwaka 1996, ukiondoa kambini Nyarugusu, na nimeujua kama ninavyolijua soko la Makere.

Uko kilomita 16 hivi kutoka katikati ya Atlanta. Reli ndiyo iliyouzaa. Njia ya Georgia Railroad kutoka Augusta ilifika Atlanta mwaka 1845, na baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe watu wa kazi za Atlanta wakaanza kujenga huku kandokando ya reli, asubuhi wanapanda treni, jioni wanarudi. Mwaka 1882 ukapewa hati ya kuwa mji, ukachukua jina la Bwana Clark, mmoja wa wakurugenzi wa ile reli. Lakini watu waliuita mji wa mbuzi! Walifuga mbuzi wengi sana. Hadi leo timu za sekondari zinaitwa Angoras, mbuzi wale wa manyoya marefu, na Riziki anavaa fulana yenye kichwa cha mbuzi kifuani. Mzee Bahati angeishi kuiona ile fulana angecheka mpaka akakohoa. Mbuzi wake wale wawili, nani amewachukua?

Reli ipo bado. Treni ya mizigo inapita katikati ya mji na inapiga honi ambayo mwaka wa kwanza ilikuwa inaniamsha nimeshakaa kitandani natafuta viatu vya watoto. Siku nyingine inasimama palepale kwenye makutano, behewa baada ya behewa, na mji unakatika vipande viwili. Hapo ndipo utauona mji. Mama wa Kisomali ana mtoto mgongoni, mzee wa Bhutan ana kofia yake na mwavuli hata kama jua linawaka, vijana wa Burma wako juu ya baiskeli, Mwafghani kafungua dirisha la gari anaongea na simu, na mimi na mfuko wangu wa sombe, nyinyi mnaita kisamvu. Tunangoja. Hakuna anayeijua lugha ya mwenzake, ila kila mmoja akimtazama mwenzake anatikisa kichwa hivi, kama kusema, haya, leo tena.

Sasa sikia kilichonikwamisha.

Kuna bibi mmoja Mzungu, ana miaka 80 na kitu, anatoka lile kanisa la Kibaptisti lililoanzishwa mwaka 1883, ambalo siku hizi limebadili jina linaitwa Clarkston International Bible Church na ndani yake wanasali watu wa lugha nyingi. Alikuwa anakuja kutufundisha Kiingereza kina mama, Jumanne na Alhamisi. Sasa haendeshi tena gari, kwa hiyo mimi ndiye ninayekwenda kwake, nampelekea lengalenga, yaani mchicha, ananipa chai isiyo na sukari ambayo nainywa kwa heshima tu. Mwezi uliopita nikamwambia habari ya Snellville. Nilidhani atanipongeza. Alipongeza, ndiyo, kisha akanyamaza, akainuka taratibu akaleta boksi la picha.

Akanionyesha barabara yake ilivyokuwa. Magorofa tunayokaa sisi hayakujengewa wakimbizi, dada. Barabara kuu ya kuizunguka Atlanta ilikamilika mwaka 1969, na miaka ya 1970 wajenzi wakaporomosha magorofa kwa ajili ya Wazungu wenye kazi nzuri mjini, wengine ndoa changa. Yalikuwa na mabwawa ya kuogelea. Lile shimo lililofukiwa nyuma ya jengo letu, ambalo Amani na wenzake wanalifanya goli, lilikuwa bwawa! Kisha Waamerika weusi wakaanza kupata nafasi ya kuhamia upande huu wa kaunti ya DeKalb, na Wazungu wakaanza kuondoka. Wakasogea mbele, mashariki na kaskazini. Vyumba vikabaki vitupu, wenye majengo wakaacha kutengeneza, kodi ikashuka. Mashirika ya kupokea wakimbizi yakaona: vyumba vipo, kodi ndogo, basi la kwenda mjini lipo. Wakaanza kuleta watu miaka ya 1980, Wavietnamu kwanza. Baadaye Wabosnia, Wasomali, Wasudani, Waethiopia, Warundi wale wa 1972 waliokaa kwenu miaka yote ile, Wabhutan, Waburma, sisi Wakongo, Wasyria, Waafghani.

Basi wale Wazungu waliokuwa wamebaki nao wengi wakaenda. Bibi anasema kulikuwa na kiangazi kimoja malori ya kuhamisha vyombo yalikuwa kila Jumamosi. Majirani aliosali nao, aliowapikia wakifiwa, wanamuaga kwa kumpungia mkono dirishani. Kanisa lao lililokuwa na mamia likabaki na watu wa kuhesabika.

Nikamuuliza, walikuwa wanakimbia nini?

Dada, mimi kukimbia nakujua. Nilikimbia Fizi nikiwa na kiatu kimoja, unaijua hadithi yote. Kwa hiyo niliuliza kwa nia njema kabisa, nilidhani labda kulikuwa na mafuriko au ujambazi. Akatazama kikombe chake muda mrefu. Halafu akasema, "Walikuwa wanawakimbia nyinyi." Machozi yakamtoka yeye, mimi nikabaki nimeshika picha ya bwawa.

Tangu siku ile sina amani. Maana barabara wanayoifuata wote ni ileile, na mimi dalali ananiita nije nijipange foleni hiyohiyo. Kwanza Wazungu, kisha Wavietnamu wakafanya kazi, wakanunua nyumba mbele huko. Kisha Wabosnia. Wabhutan nao wameanza. Watoto wakikua, mtu anataka ua, anataka shule yenye alama za juu, nani atamlaumu? Baba Riziki anasema maneno hayohayo: "Sisi hatumkimbii mtu. Tunakwenda kupumua." Na ni kweli. Kodi yetu imepanda mara tatu toka 2021, ukungu uko kwenye dari la bafu, nimelalamika mpaka nimechoka. Na bado nikifunga macho naona lile lori la Jumamosi na mimi ndani yake napunga mkono.

Usifikiri mji huu ulitupokea kwa vigelegele. Kulikuwa na ubishi mkali. Mwaka 2004 mwanamke mmoja wa Jordan, Luma Mufleh, alianzisha timu ya mpira ya watoto wakimbizi, wakaiita Fugees. Meya wa wakati ule, mwaka 2006, akapiga marufuku mpira wa miguu kwenye uwanja wa mji, akasema pale ni besiboli na mpira wao wa Kimarekani tu. Watoto waliotoka vitani wakawa wanafanya mazoezi mahali penye vumbi na mawe. Gazeti la New York Times likaandika mapema 2007, nchi nzima ikasikia. Leo ukipita pale pale, Milam Park, jioni utakuta magoli, na watoto wanapigiana kelele kwa lugha kumi. Wakati ule mwenye duka la vyakula, Bill Mehlinger, wateja wake wa zamani walikuwa wameondoka na duka linakufa. Akaanza kuuza mchele wa magunia na vyakula vya wageni, duka likafufuka. Na usisahau kwamba mwendo mfupi tu kutoka hapa kuna lile jiwe kubwa la Stone Mountain, ambako mwaka 1915 Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi, walijifufua juu yake na msalaba wa moto. Sasa Jumapili wanakwenda kupiga picha maharusi wetu pale, shela mpaka chini. Mimi napapenda na napaogopa.

Watu wanauita mji huu kipande cha ardhi chenye mchanganyiko mkubwa kuliko vyote Marekani. Sijui nani alipima, lakini sijaona mahali pengine. Zamani mji wote haukuzidi kilomita za mraba tatu. Mwaka 2010 walihesabu watu 7,554, mwaka 2020 wakawa 14,756, ingawa hapo katikati mipaka iliongezwa.

Na kuna hili la mwisho, ambalo hata bibi sikumwambia. Unaikumbuka ile mifuko myeupe ya plastiki ya IOM, lile shirika linalosafirisha wakimbizi, yenye herufi za bluu, tuliyoshika kifuani siku ya kuondoka kama tumeshika mtoto? Mfuko wangu ninao, umekunjwa chini ya godoro. Miaka yote hii, ikishuka familia mpya na mifuko ile, mimi na Mama Furaha tulikuwa tunapika. Ugali, maharage, sombe, samaki kama wapo. Usiku wa manane, saa yoyote. Mtu ametoka Nyarugusu, amepanda ndege nne, hajui swichi ya taa iko wapi, anasikia mlangoni, "Karibuni, mmefika," kwa Kiswahili. Nimeona wanaume wazima wakikaa sakafuni wakalia. Nami usiku wangu wa kwanza mlangoni alisimama Mrundi mmoja na sufuria ya wali, mpaka leo simsahau.

Tangu serikali iliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi Januari 2025, mifuko ile hatuioni tena. Mama Salome alikuwa na tarehe ya ndege, unajua wewe. Alishauza kitanda na baiskeli. Nikimpigia hatuongei habari ya safari, tunaongea habari ya mvua. Baba Riziki ananiambia, "Sasa unabaki kumsubiri nani? Hakuna anayekuja." Ananiumiza akisema hivyo. Siku mlango ukifunguka, ikiwa Mama Furaha amehama (na yeye ameshaangalia nyumba, usiseme nimekuambia) na mimi nimehama, nani atasimama na sufuria? Snellville ni nusu saa. Naweza kuendesha. Ila nakumbuka majirani wa bibi nao walimwambia watakuja kila Jumapili.

Kisha namtazama Riziki analala sebuleni na mdogo wake, miguu imetoka nje ya kochi, najiona mkatili.

Sasa nijibu, na usinijibu kwa huruma. Wewe ulinijua nikiuza vitenge chini ya lile turubai, ulikuwa unaniambia ukweli hata bei nikikosea. Ungekuwa mimi ungesaini? Mtu anaweza kuhama bila kuwa amewaacha watu? Wewe ulipohamishiwa Kigoma mjini, ilichukua muda gani kabla hujaacha kwenda Kasulu kila mwisho wa mwezi? Mama Salome yukoje hasa, anakula, amerudishiwa hata kitanda? Ramadhani bado ana ile baiskeli? Na mbuzi, nakuomba, usisahau kuniambia mbuzi wamekwenda kwa nani.

Nijibu kabla ya Alhamisi usiku kwenu. Ijumaa asubuhi dalali anapiga simu.

Wako,
Mama Riziki

Bibi amesema nikuulize lengalenga mnaikatakata au mnaipika majani mazima. Anataka kupika mwenyewe Jumanne, na mimi niende kula.