Wastaafu wetu nao wanataka kutembea

Mhariri, pole na kazi. Dada yangu na shemeji ni wastaafu huko Marekani, kipindi cha baridi wanahamia Palm Springs, mji wa jangwani California, wanaishi kwenye gari lenye kitanda, jiko na choo humohumo, wakifika kempu wanachomeka umeme, wanaunga mpira wa maji na bomba la majitaka basi, jioni viti nje wanapiga stori na wazee wenzao waliokimbia theluji. Kiangazi hakukaliki, joto linapita nyuzi 40. Sasa jamani hapa Moshi hewa safi, mlima huo hapo, mstaafu wetu akija na gari lake alale wapi kwa bei ya pensheni? Tutengewe hata kiwanja kimoja chenye maji, umeme na choo kisafi, wazee wetu wamelitumikia taifa hili.

Msomaji wenu, Moshi