Treni za Ruiru zipite pia mchana na usiku

Mhariri,

Mimi ni mkazi wa Ruiru ninayefanya kazi katikati ya jiji la Nairobi. Asubuhi treni hunifaa sana kwa kuwa huniepusha na msongamano wa Barabara Kuu ya Thika, lakini majuzi mtoto wangu alipougua na ikanibidi nirudi nyumbani saa sita mchana, nilikuta stesheni kimya, kwani treni ya kurudi ilikuwa ya jioni. Nilipanda matatu, nikalipa nauli waliyoitaka. Mtu ambaye hana hakika ya kurudi kwa treni hataitegemea, hata ikiwa nauli yake ni nafuu.

Kila suala hili linapozuka, watu hudai mabehewa mapya, nami naona tunapotea hapo. Treni za dizeli zilizoagizwa kutoka Uhispania mwaka 2020 zina chumba cha dereva kila upande, kwa hivyo hazihitaji kugeuzwa zikifika mwisho wa safari. Kikwazo kikubwa ni reli yenyewe, ambayo ni ya njia moja, ikimaanisha kwamba treni inayotoka mjini na ile inayoingia haziwezi kupita ila moja isubiri kwenye stesheni yenye njia ya kupishana. Ikiwa mwendo kati ya stesheni mbili za aina hiyo ni dakika 20, basi hata tukiwa na treni mia, kila upande utapata moja tu kwa dakika 40 hivi. Naomba wapangaji waanze na njia hizo za kupishana, ambazo ni kazi ndogo kuliko kujenga reli ya pili, na wakati huohuo waweke treni moja kila saa, kuanzia saa sita mchana hadi saa tatu usiku, kwa dakika ileile ili abiria aikariri.

Jambo moja lisisahauliwe. Pale Githurai akina mama hupanga nyanya na vitunguu kando ya reli, na wakisikia honi huvuta magunia yao haraka, kisha huyarudisha treni ikishapita. Wamezoea treni chache. Zikiongezeka, hatari itaongezeka pia, kwa hivyo wajengewe vibanda mahali pengine penye wateja kabla ratiba mpya haijaanza, si baada ya mtu kugongwa.

Msomaji wako,
Ruiru