Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: klabu iwe ya wanachama, kiwanja kiwe cha mji

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Kwa umri mimi ndiye wa kuamkiwa, ila kwa kiti ulichokalia natangulia mimi kukusalimu. Ni mzee wa Kitangiri, mstaafu, mtu wa kahawa na bao. Pale kijiweni kwetu, kila utalii wa Kanda ya Ziwa unapotajwa hakosi mtu wa kusema kuwa mgeni akitoka Serengeti apate pa kulala na pa kucheza gofu hapa Mwanza. Sijasikia kama kuna eneo limeshapimwa. Ndiyo maana naandika sasa, kwa sababu barua inayofika bikoni zikishasimikwa huishia kwenye faili.

Sipingi gofu, imenilisha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 nilipanda MV Victoria na kikapu cha dagaa mapajani, nikaenda kwa mjomba wangu aliyekuwa mtumishi wa reli ya Afrika Mashariki ng'ambo ya ziwa. Huko nikawa kedi, yaani kijana wa kubeba mfuko wa fimbo, katika klabu moja ambayo jina lake nalihifadhi. Nilibeba hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, nikarudi nyumbani na alama ya mkanda begani. Ipo mpaka leo.

Kiwanja chetu hakikuwa na nyasi nzuri za kuzunguka shimo kama unazoziona kwenye televisheni. Pale panapoitwa grini palikuwa na mchanga uliochanganywa na oili chafu ili usipeperuke. Mzungu, Mhindi au mwenzetu mwenye cheo akishausukuma mpira ukaingia shimoni, mmoja wetu alishika gunia lililofungwa kwenye kijiti, akalikokota akizunguka, akifuta nyayo. Lazima grini ibaki laini kwa wanaofuata. Jioni vidole vya miguu vilikuwa vyeusi, na mke wa mjomba hakuturuhusu kukanyaga mkeka wake.

Ndani ya jengo la klabu kulikuwa na ubao wa mninga wenye majina ya makapteni wote, mwaka kwa mwaka, kwa rangi ya dhahabu. Niliusoma kupitia dirishani, maana mlango ule haukuwa wetu. Historia ya klabu ilikuwa ule ubao. Mfyeka nyasi, mchota maji, yule kedi mwenzetu aliyejua upepo wa ziwa kuliko kapteni yeyote, hao wamekwenda na gunia. Hili ni la moyoni tu, sikuandika kwa ajili yake.

Niliandika kwa ajili ya jambo nililoambiwa na Mskochi mmoja niliyezoea kumbebea. Alikuwa akisema kwao St Andrews, mji ambao dunia nzima inauita nyumbani kwa gofu, mama anayepeleka mtoto kutembea anapita katikati ya kiwanja na hakuna wa kumfukuza. Nilimwona mwongo. Nimekuja kuamini juzi, mjukuu aliponisomea kwenye simu.

Kumbe habari yenyewe ni ndefu. Mfalme James wa Pili wa Uskochi aliupiga marufuku mchezo huo mwaka 1457, kwa kuwa vijana waliacha mazoezi ya upinde. Marufuku haikushika. Mwaka 1754 waungwana wa St Andrews wakaunda chama chao cha gofu, na miaka kumi baadaye wakapunguza mashimo kutoka 22 hadi 18, ndiyo hesabu inayotumika kila mahali leo. Lakini hilo la mashimo ni la wapenda mchezo. Linalokuhusu wewe, Mheshimiwa, ni hili. Mwishoni mwa karne hiyo ya 18 halmashauri ya mji ilielemewa na madeni ikauza ardhi ile ya pwani, na wafanyabiashara wakaigeuza kuwa shamba la sungura. Sungura wakachimba kila mahali. Wenyeji wakagoma, wakawaua sungura, wakapelekana mahakamani miaka na miaka. Tajiri mmoja wa jirani, James Cheape, akainunua ardhi mwaka 1821 na kuirudisha kwenye gofu, na mwaka 1894 mji wenyewe ukaipata tena kwa sheria ya bunge. Tangu 1974 inasimamiwa na mfuko wa wadhamini, kwa sheria ya bunge pia.

Kwa hiyo klabu maarufu kuliko zote za gofu duniani, ile iliyotokana na chama cha 1754, haina kiwanja. Ina jengo, ina vikombe, ina wanachama wake wanaochaguana (wanawake waliwakubali mwaka 2014 tu, hao nao). Ardhi ni ya mji. Na kile kiwanja kikongwe kuliko vyote vya pale mjini kwa kawaida hufungwa kila Jumapili, watu wanatembea na mbwa wao na kula maandazi yao juu ya nyasi.

Sisi huku tuliletewa gofu, lakini hiyo sehemu haikuletwa. Entebbe wana klabu tangu mwaka 1900, na kiwanja kinateremka kuelekea ziwani. Wakoloni walipenda uwazi wa namna hiyo kwa sababu mbili, hewa na utengano. Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam iliachwa wazi ili Uhindini na Kariakoo visigusane. Nyasi zikawa ukuta usio na matofali.

Sasa itazame Mwanza yako. Ardhi tambarare ni ya kutafuta kwa tochi, kila penye kilima pana mawe, na penye mawe pana nyumba. Kiwanja cha mashimo 18 hula hekta 50 na zaidi. Hekta 50 zisizo na mawe utazipata wapi kama si ufukweni? Na ufukwe una watu. Una mwalo, yaani pa kushushia samaki, una mitumbwi inayorudi alfajiri na karabai bado za moto, una kina mama wanaogeuza dagaa juani na kuwafukuza kunguru, una watoto wenye ndoo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ingekuwa ajabu mita hizo zikatazwe kwa mwenye kibanda cha samaki kisha zipewe jina la shimo namba saba. Tena nyasi za gofu hunyweshwa mbolea, na mvua ikinyesha mbolea inakwenda ziwani. Gugumaji hawahitaji kualikwa mara mbili.

Ninachokuomba ni kifupi. Siku mwekezaji akija na michoro yake, jiji lisimpe ardhi. Limpe klabu. Ajenge jengo, aweke ubao wake wa dhahabu, achague wanachama awatakao. Hati ya ardhi ibaki kwa jiji, na ndani ya mkataba iandikwe njia ya kwenda mwaloni, upana wake kwa mita, na siku moja ya wiki ambayo mtu wa Kitangiri au Igombe ataingia na wanawe bila kuulizwa anamtafuta nani. Ahadi za mdomo sizitaki. Nimeona mageti, na geti likishapata mlinzi halikumbuki ahadi.

Ukipenda, nitakutembeza ufukweni Jumamosi yoyote asubuhi, kabla jua halijakaza, nikuonyeshe njia ambazo kina mama wa dagaa wanazipita sasa. Hazimo kwenye ramani yoyote niliyowahi kuiona.

Bado nina fimbo moja ya chuma, namba saba, niliyopewa na yule Mskochi siku ya kuagana. Nimeiangulia maembe na kuulia nyoka wawili. Kiwanja kikifunguliwa kwa masharti hayo, nitaomba nipige nayo mpira mmoja, hata ukiangukia kwenye matete.

Wako mtiifu,
Kedi mstaafu, Kitangiri